Kuzalisha samaki wa mapambo uani Tanga

Ukifuga samaki wa mapambo Tanga hununui hita. Maji yanayokaa nje kivulini hubaki kati ya nyuzi 23 na 30 karibu mwaka mzima, na humo ndimo gapi, moli, plati na beta wanamozaa. Wanaoshindwa hapa kwa kawaida wamenunua samaki kwanza, wakaanza kuhangaika na maji baadaye. Mtu ana kisima cha maji magumu Pongwe, anarudi kutoka Dar na beta sita. Kiota chao cha mapovu anakiona, mayai anayaona, ila vifaranga hawafiki mbali. Mwingine kajaza moli kwenye maji matupu ya mvua, nao wanayumbayumba papo hapo bila kusonga mbele, mapezi wameyabana. Hao wawili wangebadilishana samaki tu, kila mmoja angepata mbegu ya kuuza.

Maji gani unayo

Sehemu kubwa ya Tanga na vitongoji vyake imekaa juu ya mawe ya chokaa: matumbawe ya kale kuelekea baharini, na yale ya zamani zaidi upande wa Amboni yaliko mapango. Maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe hayo ni magumu, na pH yake, yaani kipimo cha tindikali ambacho katikati yake ni 7, huwa juu ya 7. Huhitaji maabara kulijua hilo. Oshea mikono kwa sabuni ya mche: povu likikataa kutoka na sufuria ya chai ikajenga ukoko mweupe, una maji ya gapi, moli na plati. Gapi asili yake ni Venezuela, Trinidad na jirani zake. Moli na plati ni wa Meksiko na Amerika ya Kati. Wote wanapenda maji yenye madini. Ukisogea baharini, kisima kikaanza kuonja chumvi kidogo, mpe kipaumbele moli. Gapi naye huvumilia, plati kwa shida zaidi. Maji ya kisima yaliyotoka kuvutwa hayana oksijeni ya kutosha. Yaache siku nzima kwenye pipa lililo wazi kabla ya kuyatumia.

Maji ya bomba ya mjini yanatoka Bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Shida yake ni klorini, inayochoma mashavu ya samaki ndani ya saa chache. Yaweke kwenye chombo chenye mdomo mpana, juani, siku mbili, uyakoroge mara kadhaa.

Maji ya mvua ndiyo ya beta, lakini si matupu. Hayana madini ya kushikilia pH, kwa hiyo mabaki kidogo ya chakula yanatosha kuyageuza kuwa ya tindikali usiku mmoja. Changanya ndoo tatu za mvua na ndoo moja ya kisima. Mvua za kwanza za msimu ziache zioshe paa, maana zinabeba vumbi na kinyesi cha kunguru. Na paa la mabati mapya lisikupe maji ya samaki kabisa: zinki inayeyuka kwenye maji laini, na kiasi kidogo tu kinaua vifaranga. Kwa sababu hiyo hiyo usifugie kwenye ndoo ya bati, na usiache waya wa shaba ukalala majini.

Chombo

Beseni la lita 20 juani mwezi wa Februari hupita nyuzi 35 mchana na kushuka vibaya usiku. Joto lenyewe gapi angelivumilia kwa muda, tatizo ni pumzi: maji ya nyuzi 25 hubeba takribani miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 35 hubeba 7 hivi, wakati samaki huyo huyo anahitaji zaidi kwa kuwa mwili wake unakwenda mbio. Kwa samaki wanaozaa, anzia lita 100 kwenda juu. Beta ni habari nyingine, tutafika.

Friji bovu lililolazwa chali ni chombo kizuri kuliko sura yake. Ukuta wake una povu linalozuia joto, kwa hiyo maji hayapandi na kushuka ovyo, na mengi hubeba lita 150 hadi 250. Mwite fundi atoe gesi na kompresa kwanza. Ng'oa mlango, ziba matundu na maungio ya ndani kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, iache ikauke wiki nzima, jaza, mwaga, jaza tena.

Mwenye nafasi zaidi ajenge bwawa la tofali na nailoni ya bwawa. Kwa upana wa ndani wa mita 2 kwa 1 na kozi mbili za tofali za inchi 6, unahitaji tofali kama 30 na kipande cha nailoni cha mita 3.5 kwa 2.5. Sawazisha ardhi, ondoa mizizi na vigae, mwaga mchanga wa sentimita 5, panga tofali na uzifunge kwa zege au udongo wa kuegemeza nje, kwa sababu maji husukuma kuta. Tandika nailoni bila kuivuta, acha mikunjo. Jaza hadi sentimita 40, utapata lita 800. Ukipendelea bwawa la saruji, ujue saruji mpya inatoa chokaa ya kuua. Lijaze, liache wiki, limwage; fanya hivyo mara tatu, kisha weka samaki mmoja wa bei ndogo siku mbili kabla ya wengine.

Chombo chochote kinachokaa wazi kiwe na tundu la kumwagia maji sentimita 5 chini ya ukingo, bomba la inchi moja lenye neti mdomoni. Mvua moja ya masika isiyo na pa kutokea huwapeleka vifaranga wa mwezi mzima kwenye mfereji wa jirani. Neti hiyo ikaguliwe kila mvua ikikaribia, maana jani moja linaiziba.

Funika nusu ya uso wa maji kwa kivuli, upande wa jua la alasiri. Makuti yanafaa yakiwa yameinuliwa mita moja na zaidi. Yakilala karibu na maji hudondosha takataka na kukaribisha mijusi. Nusu nyingine ipate jua la asubuhi, la sivyo mimea haikui na maji hayapati uhai wa kulisha vichanga.

Kwa mimea, tafuta lile gugu linalozama lenye majani membamba kama sindano, Ceratophyllum. Halihitaji udongo, hukua haraka, hunyonya uchafu wa samaki na huwapa vichanga maficho. Jaza nalo theluthi ya bwawa. Yungiyungi mmoja kwenye chungu cha udongo huongeza kivuli. Gugumaji lenye maua ya zambarau liache lilipo, hata kama ua lake linavutia. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua limewagharimu nini.

Jaza maji, weka mimea, tia konzi ya tope kutoka bwawa lenye samaki wazima, subiri wiki mbili. Tope hilo lina bakteria wanaobadilisha amonia kuwa kitu kisichodhuru haraka. Anayeruka hatua hii hupoteza samaki siku ya tatu hadi ya kumi, halafu analaumu muuzaji.

Gapi, moli na plati

Hawa huzaa vichanga hai. Bwawa la lita 800 lianze na majike 15 na madume 5. Madume wakizidi, majike hufukuzwa mchana kutwa mpaka wanakonda. Gapi jike hubeba mimba siku 22 hadi 30 na kuzaa vichanga 20 hadi 60. Moli huchukua mwezi na zaidi. Julai na Agosti, maji yakishuka hadi 22 au 23, nafasi kati ya uzao na uzao hurefuka na ukuaji hupungua. Usiongeze chakula kuwalazimisha. Hawatakila, kitaoza.

Wazazi hula watoto. Usihangaike na vile visanduku vya plastiki vya kuzalishia. Jike aliyefungiwa humo hushtuka na kutoa mimba isiyokomaa. Magugu mazito na wazazi walioshiba yanatosha. Ukitaka idadi kubwa, kila asubuhi pita na chujio la chai kandokando ya magugu, vichanga hukusanyika juu penye jua, uwahamishie chombo chao.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani: jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume kwa miezi na kuzaa mara kadhaa kwa upandaji mmoja. Jike mzima uliyemnunua ameshabeba mbegu ya dume usiyemjua. Ukitaka rangi yako, subiri watoto wake na uwatenge mapema. Kuanzia wiki ya tatu tazama pezi la chini karibu na mkia: la jike hubaki kama pepeo, la dume huanza kuchongoka kuwa kijiti. Kagua kila siku tatu, kwa sababu madume hawakomai pamoja. Ukimkuta dume amekomaa katikati ya majike, wahesabu majike wote wa chombo hicho wamepandwa, wapeleke kwenye chombo cha kuuza.

Rangi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mchanganyiko: gapi mwekundu na wa buluu bwawa moja, na baada ya vizazi vichache una samaki wa kijivu wenye madoa. Weka rangi moja kwa chombo. Ya pili ni mdiria. Ndege huyu huona dume mwenye mkia mpana wa kung'aa kwanza, na anayebaki kuzaa ni yule aliyefifia. Ndilo lililoonekana kwenye vijito vya Trinidad, ambako mwanabiolojia John Endler alichapisha mwaka 1980 kwamba gapi wanaoishi na wawindaji wengi huwa na rangi hafifu. Bwawa lisilofunikwa linakuchagulia mbegu mbaya kila siku. Chagua wewe: kila miezi mitatu bakiza madume 5 bora na majike wakubwa wenye migongo iliyonyooka, wengine uza.

Beta

Beta anafugwa barazani, si uani, kwa sababu kiota chake ni mapovu juu ya maji, na upepo wa kusi au tone la mvua hukivunja. Madume wakae kila mmoja chombo chake cha lita 3 au zaidi, wasionane muda wote. Siku 10 kabla ya kupandisha walishe dume na jike chakula hai.

Tumia diaba la lita 40 lenye maji ya kina cha sentimita 12 tu. Kina kirefu humchosha dume anayeokota mayai yanayozama, na vichanga hushindwa kupanda juu. Usiweke mchanga chini. Weka jani moja la mkungu lililokauka. Nchi nyingine watu huagiza majani haya kwa fedha za kigeni. Tanga tunayafagia chini ya miti na kuyachoma. Chagua lililoanguka lenyewe, la kahawia, lisilo na ukungu, ulioshe, uliloweke. Hutoa rangi ya chai na kupunguza ukali wa bakteria na ukungu. Jani moja hufaa lita 20 hadi 30. Kipande chake kinachoelea huwa dari ya kiota.

Dume aingie kwanza. Jike mweke ndani ya chupa angavu iliyokatwa juu, katikati ya diaba, wajuane siku moja. Aliye tayari huonyesha mistari iliyosimama ubavuni na kitone cheupe tumboni. Kiota kikiwa kimejengwa, mwachie jike atoke asubuhi. Watafukuzana na mapezi yatachanika kidogo, hilo ni la kawaida. Jike akikimbilia pembeni na kupauka, mtoe, rudia baada ya wiki. Wakimaliza kutaga, mtoe jike mara moja. Dume hulinda. Kwa nyuzi 28 mayai huanguliwa ndani ya siku moja hadi mbili, vichanga huning'inia mkia chini, na siku mbili au tatu baadaye huogelea kwa ulalo. Hapo mtoe dume naye.

Funika diaba kwa kioo au nailoni, ukiacha upenyo mdogo. Katika wiki za tatu hadi sita vifaranga hujenga kiungo cha kupumua hewa ya juu, na hewa baridi ikipita usoni pa maji wengi hufa bila dalili nyingine. Wiki ya nane na kuendelea, madume wanaoanza kutunishiana mashavu watenge.

Chakula

Vichanga wa gapi hula unga siku ile ile waliyozaliwa. Saga dagaa wakavu sehemu 4, soya iliyokaangwa 3, unga wa ngano 2, na majani ya mchicha yaliyokaushwa 1, pitisha kwenye kitambaa chepesi. Dagaa wa baharini waliotiwa chumvi waoshe na kuwaanika upya. Kwa moli ongeza mchicha mara mbili, hao hula majani kuliko wenzao. Kipimo ni kile wanachomaliza kwa dakika tatu, mara mbili kwa siku. Vichanga mara nne, kidogokidogo. Kulisha kupita kiasi ndiko kunakoua mabwawa mengi ya uani.

Vichanga wa beta hawawezi unga, midomo yao ni midogo mno. Siku tano kabla ya kupandisha, weka maji ya bwawa kwenye ndoo ya lita 10 pamoja na jani la mgomba lililokauka. Vijidudu vitakavyoota humo ndicho chakula cha wiki ya kwanza, kikombe asubuhi na jioni. Baadaye wape viroboto wa maji (Daphnia), vijidudu vinavyorukaruka majini. Wafuge kwenye maji ya kijani: ndoo ya lita 20 juani, kijiko kimoja cha samadi ya kuku iliyofungwa kitambaani, siku 5 hadi 10 maji yamekolea, weka viroboto.

Viluwiluwi vya mbu ni chakula cha daraja la kwanza kwa samaki wakubwa, na kero kwa mtaa mzima ukizembea. Kwenye joto letu yai la mbu huwa mbu kwa siku saba hadi kumi. Ndoo ya viluwiluwi ichujwe yote kila siku ya nne bila kukosa. Ukisafiri, imwage. Ndoo za maji ya kijani na za kutulizia klorini nazo zifunikwe neti.

Vinavyoua

Chandarua chenye dawa kinafunika bwawa vizuri na kuua kila kitu ndani yake. Dawa zake ni za kundi la pairethroidi, ambazo binadamu huzivumilia na samaki hawazivumilii hata kidogo. Tumia neti ya dirisha ya plastiki, isiyo na dawa. Vivyo hivyo dawa ya kupuliza mbu isipulizwe barazani penye beta.

Neti hiyo inazuia na adui ambaye hamumwoni. Kerengende hutaga majini, na buu lake hukaa chini ya magugu likikamata vichanga mmoja mmoja kwa miezi. Ukiona majike wanazaa na watoto hawaongezeki, pekua magugu ndani ya beseni jeupe.

Samaki kuhema juu alfajiri na kupona saa tatu asubuhi ni ukosefu wa oksijeni usiku: maji yamekuwa ya kijani kupita kiasi, au chakula kimeoza chini. Toa robo ya maji kwa mpira kutoka chini, umwagilie mchicha, ongeza maji yaliyotulia, acha kulisha siku mbili. Kwa utaratibu wa kawaida, badilisha asilimia 15 kila wiki.

Nyuzi nyekundu zikitokeza kwenye tundu la haja la gapi ni minyoo ya Camallanus. Dawa ni levamisole ya mifugo, miligramu 2 za dawa halisi kwa lita, saa 24, kisha badilisha maji mengi na urudie baada ya wiki mbili hadi tatu. Soma lebo uhesabu vizuri, kwa sababu chupa huwa na nguvu tofauti. Kwa utando mweupe na mapezi yaliyochanika, anza na chumvi ya mawe gramu 2 kwa lita kwenye chombo cha pembeni kisicho na mimea.

Ziada yoyote usiimwage kwenye Zigi, wala kwenye mtaro au kidimbwi. Vidimbwi vya masika vya pwani yetu vina samaki wake, jamii ya Nothobranchius, wanaoishi miezi michache na kuacha mayai kwenye tope linalokauka. Gapi akiingia humo hula watoto wao na kugombania chakula chao.

Kuwapeleka sokoni

Basi la Dar huchukua saa sita hivi, panda la alfajiri. Wanyime chakula siku moja kabla, ili wasichafue maji njiani. Dumu la lita 10 lijaze maji theluthi tu, hewa ibaki theluthi mbili, weka gapi wakubwa wasiozidi 12, ulifunge na kulizungushia gunia lenye unyevu. Beta dume kila mmoja chupa yake, maji robo lita, hewa zaidi. Wakifika, chombo kielee ndani ya maji mapya dakika 15, ongeza maji hayo kikombe kimoja kila dakika tano kwa nusu saa, halafu wachote kwa neti. Maji ya safari yamwagwe pembeni.